Ufungo unaosema ukweli: namna ya kufunga chakula ili mnunuzi aone kama kimefunguliwa njiani



Munalima, munavuna, munasaga, munachuja asali hadi inakuwa safi. Kisha mfuko unatoka Mutshatsha, Lubudi ao kando ya ziwa Nzilo na kushika njia ya Kolwezi. Hapo katikati unapita mikono mingi: mwenye kusukuma kinga, shofere wa kamyo, mwenye depo, mama wa soko. Wengi wao ni watu wa haki. Lakini yatosha mmoja tu afungue mfuko, atoe meka mbili za unga safi, aweke unga wa zamani, kisha ashone tena. Kwa asali ni maji ya sukari. Kwa mafuta ya mawese ni rangi.

Mnunuzi akipika bukari na kusikia harufu ya uvundo, hatamtafuta shofere kwa sababu hamjui. Atasoma jina lililoandikwa kwenye mfuko, na jina hilo ni la koperative yenu. Watu wa Kolwezi wakiisha kusema "ile unga iko mbaya", musimu mzima unaweza kupita bila kurudisha jina zuri.

Katika namba hii tunaeleza ufungo ambao ukifunguliwa unaacha alama. Wengi wenu munaujua tayari, hata kama hamujawahi kuutumia kwa chakula. Masanduku ya kura ya CENI yanafungwa na vifungo vya plastiki vyenye namba. Mizigo ya shaba na kobalti inayotoka kwetu kwenda Kasumbalesa inafungwa na plombi zenye namba. Mutu akikata, namba haitakuwa ile iliyo kwenye karatasi. Kazi hiyo hiyo tunaweza kuifanya kwa unga, asali, mafuta na karanga.

Kazi ya muhuri ni kusema, si kuzuia

Watu wengi wanafikiri muhuri ni kama kufuli. Sivyo. Plastiki nyembamba haiwezi kumzuia mutu mwenye kisu. Kazi yake ni nyingine: kumfanya mwizi asiweze kuficha kazi yake. Mnunuzi anaona kwa macho, anakataa kununua, na yule aliyefungua anabaki na mzigo mkononi.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa machozi. Mwaka 1982, katika eneo la Chicago, Marekani, watu 7 walikufa kisha kumeza dawa ya maumivu iliyoitwa Tylenol. Mutu asiyejulikana hadi leo alitia sumu ya sianidi ndani ya dawa, na chupa zikauzwa dukani kama kawaida. Hakuna aliyeweza kuona kwamba zilikuwa zimefunguliwa. Kampuni iliyotengeneza dawa hiyo, Johnson & Johnson, ilirudisha chupa karibu milioni 31. Kabla mwaka huo haujaisha, dawa ilirudi sokoni ikiwa na vizuizi vitatu: sanduku lililobandikwa kwa kole, ukanda wa plastiki kwenye shingo ya chupa, na karatasi ya chuma iliyofunika mdomo. Serikali ya Marekani nayo ikatoa sheria ya kulazimisha mihuri ya namna hiyo kwa dawa zinazouzwa bila karatasi ya muganga. Pete ile inayokatika munapofungua chupa ya maji ni ya ukoo huo huo.

Maswali manne kabla ya kununua kitu chochote

Kabla koperative haijatoa feza kwa ajili ya ambalaji, kamati ikae na kujibu maswali haya manne.

La kwanza: je, inawezekana kufungua bila kuacha alama? Kama ndiyo, huo si muhuri, ni kifuniko tu.

La pili: je, mutu anaweza kufunga upya na vitu anavyovipata sokoni? Kama munafunga sashe kwa mshumaa, kila mutu ana mshumaa. Kama munashona mfuko kwa uzi mweupe, kila depo ina uzi mweupe. Muhuri unapashwa kuwa na kitu ambacho ni chenu peke yenu: jina lililochapwa, rangi, ao namba.

La tatu: je, mnunuzi anajua anachopashwa kutazama? Muhuri mzuri ambao hakuna anayeujua ni feza ya bure.

La ine: je, kuna mlango wa nyuma? Wengi wanafunga juu vizuri na kusahau chini. Mfuko una mshono wa chini. Sashe ina ubavu. Bidoni ina kifuniko kidogo cha kupitisha hewa. Mwizi hapiti penye muhuri, anapita pale ambapo hamukutazama.

Unga katika mifuko ya kushona

Mfuko mweupe wa plastiki ya kusuka kwa kawaida unashonwa kwa mshono wa mnyororo. Munajua namna ulivyo: ukishika uzi kwa upande unaofaa na kuvuta, mshono wote unafunguka kwa mara moja. Ni vizuri kwa mama wa nyumbani, na ni vizuri pia kwa mwizi. Tundu za sindano kwenye plastiki ya kusuka zinajifunga, na mshono mpya unaonekana kama ule wa kwanza.

Dawa yake si ya bei kali. Mukunje mdomo wa mfuko mara mbili. Juu ya mkunjo, muweke ukanda wa karatasi ngumu uliochapwa jina la koperative na namba ya mfuko, kisha mushone kupitia karatasi. Karatasi haijifungi kama plastiki: kila tundu la sindano linabaki. Mutu akifungua na kushona tena, kutakuwa mistari miwili ya tundu, ao karatasi itapasuka. Mnunuzi anatazama ukanda: mstari mmoja, mfuko ni mzima, mistari miwili, mfuko ulifunguliwa. Mufanye vile vile kwa mshono wa chini, hata kama fabrike iliushona tayari.

Koperative yenye nguvu zaidi inaweza kuweka mfuko wa plastiki laini ndani ya ule wa kusuka na kuufunga kwa moto. Hapo mwizi anapashwa kushinda vizuizi viwili.

Sashe za unga, karanga na maharagi

Plastiki laini ya sashe inaanza kuyeyuka kwenye moto wa digri karibu 110. Mshumaa unapita sana kiasi hicho, tena moto wake hauko sawa: pahali pamoja plastiki inaungua, pahali pengine haishikani. Mashini ndogo ya kufungia, ile yenye waya unaopata moto kwa sekunde moja ao mbili, inatoa mstari ulionyooka na wenye upana mmoja. Inakula umeme kidogo, kwa hiyo inaweza kufanya kazi kwa panneau solaire yenye betri na inverta siku ambazo SNEL imekata.

Mambo matatu yanaharibu mstari huo. La kwanza ni unga kwenye mdomo wa sashe: upanguse kwa kitambaa kikavu kabla ya kufunga. La pili ni kuvuta sashe kabla plastiki haijapoa. La tatu ni kufunga karibu sana na ukingo.

Sasa tufikiri juu ya mwizi mwenye mashini kama yenu. Atakata juu, atatoa, atafunga tena chini kidogo, na sashe itakuwa fupi kwa kidole kimoja. Nani atapima? Kwa hiyo, wakati wa kuchapa sashe, muweke mstari wa rangi kwenye mdomo, pale pale ambapo moto utapita, na maneno haya: "Kama mstari huu haupo, usinunue." Akikata, amekata na mstari. Wino ule hautagusa chakula, kwa sababu unachapwa upande wa inje.

Chupa za asali na mafuta

Hapa kwetu asali nyingi inauzwa katika chupa za zamani za maji ao za pombe. Shida si usafi peke yake. Kifuniko cha chupa ya maji kina pete chini yake, na pete hiyo inashikwa na vishikizo vidogo sana vya plastiki. Ukifungua mara ya kwanza, pete inakwama chini ya ukingo wa shingo ya chupa na vishikizo vinakatika. Havirudi tena. Chupa ikiisha kutumiwa mara moja, haiwezi kusema chochote juu ya mara ya pili.

Njia iliyo bora ni kununua chupa mpya na vifuniko vipya vya saizi moja, kutoka kwa muuzaji mmoja. Musichanganye: kifuniko cha chupa nyingine kinaweza kufunga vizuri lakini pete yake isikwame chini ya ukingo, na hapo kinafunguka pamoja na pete yake nzima. Mujaribu vifuniko kumi kabla ya kununua elfu moja. Mufunge hadi mwisho, kisha mufungue. Pete ikipanda pamoja na kifuniko bila kukatika, murudishe mzigo.

Kama chupa mpya hazipatikani kwa wingi, kuna njia nyingine tatu.

Ukanda wa kunywea. Ni kipande cha plastiki kinachovalishwa kwenye shingo na kifuniko, kisha kinamwagiwa maji ya moto ao hewa ya moto, kinanywea na kushika. Mutu hawezi kukitoa bila kukikata. Udhaifu wake ni kwamba ukanda usio na maandishi unanunuliwa na mutu yeyote. Mununue uliochapwa jina, ao mubandike etiketi yenye namba kwanza na ukanda uje juu yake.

Karatasi ya chuma chini ya kifuniko. Ile bora inashikishwa na mashini inayopasha chuma moto bila kugusa chupa, na mdomo wa chupa unafungwa kabisa. Mashini hizo zinauzwa pia ndogo, za kushika mkononi. Kuna aina nyingine inayojibandika yenyewe kwa kukaza kifuniko. Inafaa kwa vitu vikavu, lakini kwa mafuta haifai, kwa sababu mafuta yakigusa mdomo wa chupa kole haishiki.

Etiketi ya kuvuka. Ni ukanda wa karatasi unaotoka ubavu mmoja wa chupa, unapita juu ya kifuniko, unashuka ubavu wa pili. Hii ndiyo ya bei ndogo kuliko zote. Siri yake ni moja: kole ipashwe kuwa na nguvu kuliko karatasi. Mutu akivuta, karatasi ipasuke kabla kole haijaachia. Mukate etiketi kwa wembe pahali pawili ao patatu, kidogo tu, ili ipasuke kwa urahisi zaidi.

Kwa bidoni za mafuta za litre 20, mutumie kifungo cha plastiki chenye namba, kinachopita kwenye sikio la kifuniko na kwenye mkono wa bidoni. Musitoboe kifuniko ili kupitisha kifungo: vumbi na maji vitaingia kwenye tundu hilo.

Muwe wezi kwa siku moja

Kabla ya kupeleka sokoni, mujaribu wenyewe. Muchukue bidhaa tano zilizofungwa. Muwape vijana wawili wenye akili na mikono mizuri: wembe, sindano, maji yanayochemka, mshumaa, kole na nusu saa. Muwaambie: mutu atakayefungua na kufunga bila sisi kuona, tutamlipa. Kisha muweke zile tano kati ya nyingine kumi na tano na muite mama mmoja wa soko achague zilizofunguliwa.

Mutazame hasa mambo haya. Mvuke wa maji unalainisha kole nyingi za karatasi. Baridi kali ya frigo inafanya kole nyingine kukauka na kuachia bila kupasua. Sindano inaweza kupita kwenye plastiki na tundu lisionekane. Kwa sashe, muitie ndani ya sufuria ya maji na kuikamua polepole: mapovu yakitoka, kuna tundu ao mstari haukushika.

Muhuri ukishindwa katika nusu saa mbele yenu, utashindwa katika usiku mmoja ndani ya depo. Afazali mujue mbele ya kuchapa etiketi elfu mbili.

Mambo ambayo muhuri hauwezi kufanya

Muhuri hausafishi chakula. Unaonyesha tu kwamba kilicho ndani ni kile munachokiweka. Mukifunga kibaya, kinafika kikiwa kibaya, na jina lenu liko juu yake.

Jambo la hatari zaidi ni maji. Mahindi, unga ao karanga zisizokauka vizuri, zikifungwa ndani ya plastiki isiyopitisha hewa, zinaota ukungu haraka kuliko katika mfuko wa wazi. Ukungu fulani unaleta sumu ya aflatoksini, ambayo haiishi kwa kupika. Nchini Kenya, mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu zaidi ya 100. Mahindi yakauke hadi maji yasipite 13 kwa mia, karanga zilizomenywa karibu 7 kwa mia, kisha ndipo mufunge. Kama hamuna mashini ya kupima, mutie punje na chumvi kavu ndani ya chupa ya kioo, mutikise dakika chache: chumvi ikishika kwenye kioo, bado kuna maji mengi. Jaribio hili linaonyesha mahindi yaliyo na maji mengi kabisa. Halichukui nafasi ya mashini.

Rangi nayo haionekani kupitia muhuri. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Ghana ilikuta masokoni mafuta ya mawese yaliyotiwa Sudan IV, rangi isiyoruhusiwa katika chakula. Kama rangi inatiwa kabla ya kufunga, muhuri unailinda pamoja na mafuta. Kwa hiyo uchunguzi uanze pale bidoni ya kila mwanamemba inapopokelewa.

Tena, kwa sisi wa eneo la mine kuna onyo la pekee. Musitumie kamwe mifuko iliyobeba mawe ya madini, wala bidoni zilizokuwa na asidi ao dawa za fabrike, hata zikisafishwa mara kumi. Plastiki inanywa kidogo ya kile kilichokuwa ndani, na kusuuza hakutoi. Vumbi nayo si jambo dogo. Mwaka 2018 watafiti wa Université de Lubumbashi pamoja na wale wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba wakaaji wa Kasulo, hapa Kolwezi, zaidi sana watoto, walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko wakaaji wa mtaa mwingine usiochimbwa. Chakula kilichofungwa vizuri kinamfikia mnunuzi bila vumbi ya barabara na ya soko. Hii peke yake ni sababu ya kufunga.

Mukinunua vyombo, mutafute alama ya glasi na uma, ambayo inamaanisha plastiki hiyo ilitengenezwa kwa chakula. Namba ndani ya pembe tatu inasema tu ni aina gani ya plastiki.

Daftari, ufunguo na mnunuzi

Mihuri yenyewe ni feza. Kama roli ya etiketi inalala wazi ndani ya ofisi, siku moja itauzwa, na yule mwenye kuchanganya unga atafunga kwa muhuri wenu wa kweli. Kwa hiyo mihuri ikae ndani ya sanduku lenye kufuli. Mutu mmoja ashike ufunguo, mwingine ashike daftari. Kila siku waandike: mihuri iliyotoka, iliyotumiwa, iliyoharibika, iliyorudi. Iliyoharibika ihesabiwe na ichomwe mbele ya watu wawili.

Kwenye daftari hilo hilo muandike kila namba ya mzigo, tarehe, uzito, na kamyo iliyobeba. Mfuko ukirudi na malalamiko, munajua ulipita wapi. Mara tatu ukute shofere mmoja, munajua la kufanya.

Kwa upande wa mnunuzi, maneno ya etiketi yawe machache, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa: jina la koperative, kilicho ndani, uzito, tarehe, namba ya mzigo, namba ya simu, na sentensi moja juu ya muhuri. Mwezi wa kwanza, mwanamemba mmoja akae sokoni na kuwaonyesha wamama namna ya kutazama. Mama wa soko akiisha kujua, yeye mwenyewe atakataa kupokea mfuko uliofunguliwa, sababu hataki kubaki nao. Mutangaze pia kwamba bidhaa iliyofikia mwenye kuuza na muhuri umekatika inarudi kwenu bila ugomvi. Bila ahadi hiyo, ataificha na kuiuza.

Sheria na hesabu

Decret ya tarehe 30 mwezi wa 12, 2017, inakataza sashe na ambalaji nyingi za plastiki katika nchi yetu. Kabla ya kuagiza plastiki yoyote, muende ofisi ya mazingira ya provinsi muulize aina gani inaruhusiwa kwa bidhaa yenu, na mupate jibu kwa karatasi. Kwa uchunguzi wa chakula chenyewe, mlango ni wa OCC.

Kuhusu feza, tuchukue mfano wa kujifunzia tu. Tuseme muna chupa 200 za asali, kila moja inauzwa franka 8 000. Ukanda na etiketi vinagharimu franka 150 kwa chupa. Jumla ni franka 30 000, chini ya bei ya chupa nne. Kwa hiyo swali la kuuliza kwenye mkutano ni hili: je, tunapoteza chupa nne katika mia mbili kwa sababu ya kuchanganywa, kurudishwa, ao mnunuzi kuogopa? Muweke bei zenu za kweli na mujibu wenyewe.

Musianze na kila kitu. Muchague bidhaa moja, ile inayolalamikiwa zaidi. Mutengeneze muhuri mmoja, muujaribu kwa wembe na mvuke, mupeleke mizigo mitatu, musome daftari. Kisha ndipo muongeze ya pili.